Kepteni Hedley Verity: Mrusha Mpira Aliyekuwa Askari

Msomaji aliyepata kusimama kando ya uwanja wa kriketi huenda alijiuliza watu wale waliovaa nguo nyeupe wanangoja nini kutwa nzima. Mmoja hurusha mpira. Mwingine hulinda vijiti vitatu kwa gongo la ubao. Vijiti vikiangushwa, au mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji hutoka. Wakisha kutoka watu 10 wa upande mmoja, zamu yao imekwisha. Katika kazi hiyo ya kurusha, ni wachache waliomfikia Mwingereza Hedley Verity.

Alizaliwa mjini Leeds, katika jimbo la Yorkshire, tarehe 18 Mei, 1905. Hakutegemea nguvu. Mpira wake ulikwenda polepole kutoka mkono wa kushoto, ukaanguka pale pale alipotaka, saa baada ya saa, mpaka mpigaji akachoka kungoja akafanya kosa. Mwezi wa Julai, 1932, aliwatoa watu wote 10 wa Nottinghamshire nao wamepata mikimbio 10 tu kwake, hesabu ambayo haijapitwa. Mwaka 1934, mjini London, uwanja ukiwa umelowa mvua, aliwatoa Waaustralia 14 kwa siku moja katika zamu zao mbili. Donald Bradman mwenyewe, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote, alitolewa naye mara 8 katika michezo ya mataifa.

Lakini mimi napenda zaidi habari za mwaka 1938. Vita vilikuwa vyanukia Ulaya. Verity alimwendea ofisa mmoja wa jeshi kuomba shauri, akapewa vitabu vya mafunzo ya vita. Na aliposafiri kwenda Afrika ya Kusini kucheza, alivichukua akavisoma. Sisi tunaofungua kitabu usiku, macho yamechoka kwa kazi ya mchana, twajua jambo hilo si dogo.

Tarehe 1 Septemba, 1939, Wajerumani waliingia Poland. Siku hiyo, huko Hove, Verity aliwatoa watu 7 wa Sussex kwa mikimbio 9. Kisha akaenda jeshini, akawa Kepteni katika kikosi cha Green Howards.

Usiku mmoja wa Julai, 1943, karibu na Catania katika kisiwa cha Sicily, aliongoza kombania yake kupita shamba la ngano lililokuwa likiwaka moto, risasi zikitoka mbele yao. Akajeruhiwa kifuani, hata alipokwisha kuanguka aliwaamuru watu wake waendelee. Iliwabidi warudi nyuma, lakini askari aliyekuwa akimtumikia alikataa kumwacha. Wajerumani wakawateka wote wawili.

Verity alivushwa mpaka bara ya Italia, akafa Caserta tarehe 31 Julai, umri wake miaka 38, akazikwa huko. Habari za kifo chake zilitangazwa Uingereza tarehe 1 Septemba, 1943, miaka minne kamili tangu siku ile ya Hove.