Mazoezi ni Kuzoea

Neno "mazoezi" limetokana na kitenzi "kuzoea". Nimelifundisha hilo miaka mingi bila kulitii. Daktari aliponikuta na shinikizo la damu, niliapa kukimbia kila alfajiri. Siku ya nne magoti yalinishinda. Sasa nashuka kwenye matatu kituo kimoja kabla ya Miritini na kutembea hadi nyumbani. Sukari ya chai imeshuka kutoka vijiko vitatu hadi kimoja. Chumvi nayo, Shirika la Afya Duniani lashauri iwe chini ya gramu 5 kwa siku, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Dawa sikuziacha. Ndugu msomaji, mwili, mfano wa mwanafunzi, hujifunza kwa kurudiarudia. Haba na haba hujaza kibaba.