Mrija wa Nyongo Unapobana Baada ya Kupandikizwa Ini

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya kale ya misafara, safari ya wapagazi iliyochukua miezi ikawa ya siku chache. Hata hivyo, kwa mkazi wa Tabora aliyepandikizwa ini, umbali wa kumfikia bingwa ungali sehemu ya ugonjwa.

Kovu mahali mrija wa nyongo ulipounganishwa huweza kuubana, aghalabu ndani ya mwaka wa kwanza. Macho huwa ya manjano, mkojo hukoza na ngozi huwasha. Maumivu huweza yasiwepo, kwani neva za ini hukatwa wakati wa upasuaji. Bingwa hupitisha endoskopia mdomoni, huupanua mrija kwa puto na kuacha stenti. Stenti za plastiki hubadilishwa takribani kila miezi 3, kwa mwaka mmoja hivi. Iliyosahauliwa huziba na kuleta maambukizi hatari.

Kwa hiyo tarehe ya kubadilisha stenti iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, na nauli iandaliwe mapema. Homa pamoja na manjano ni dharura: antibiotiki ianzishwe hapohapo, kabla ya rufaa, na dawa za kulilinda ini zisikatizwe.