Gavana Aliyeiweka Haki Mbele ya Kura

Watu wengi hudhani kwamba mtihani wa kiongozi ni siku ya kupigiwa kura. La, sivyo. Mtihani hasa huanza kura zikisha kuhesabiwa. Na tuitazame habari ya John Peter Altgeld, gavana wa jimbo la Illinois katika Marekani.

Altgeld alizaliwa Ujerumani mwaka 1847, akapelekwa Marekani angali mtoto mchanga. Alikulia katika umaskini, akajifunza sheria, hata akawa hakimu mjini Chicago. Novemba 1892 alimshinda Joseph Fifer aliyekuwa akikikalia kiti. Chama chake cha Democratic hakikuwa kimeshinda ugavana huo tangu mwaka 1852.

Wakati ule jeraha la Haymarket lilikuwa halijapona. Mei 1, 1886, maelfu ya wafanyakazi waligoma wakidai kazi ya saa nane kwa siku. Siku tatu baadaye, katika mkutano wao mjini Chicago, mtu asiyejulikana alitupa bomu, na polisi wakafa. Watu wanane walitiwa hatiani, ingawa haikuthibitishwa kwamba mmoja wao ndiye aliyelitupa. Wanne walinyongwa mwaka 1887, mmoja alijiua gerezani, watatu wakabaki kifungoni.

Altgeld angeweza kunyamaza. Angeweza pia kuwafungua kwa huruma tu, na lawama zingekuwa chache. Lakini aliisoma kesi yote, na Juni 26, 1893, akawafungua wote watatu, akaandika waziwazi kwamba wazee wa baraza walichaguliwa kwa hila na kwamba hakimu alipendelea upande mmoja. Magazeti yakamwandama kwa matusi, yakamsimanga hata kwa kuzaliwa ugenini.

Yeye hakutetereka. Mwaka huo huo alitia sahihi sheria ya viwanda iliyowalinda watoto na wanawake. Mwaka 1894, Rais Cleveland alipopeleka askari Chicago wakati wa mgomo wa reli, bila kuombwa na jimbo, Altgeld alimpinga hadharani.

Novemba 1896 alishindwa na John Tanner. Kiti kikamponyoka, lakini watu watatu walikuwa wamekwisha kurudi kwao, na jina lao limesafishwa. Sisi tunaoadhimisha Mei Mosi, sikukuu yenye asili yake katika mgomo ule wa 1886, tumkumbuke: cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa kwa mwenyewe.