Sumu ya mshale, dawa ya moyo: Kipimo ndicho kinachotenganisha

MTI ambao tangu jadi umetumiwa kutengenezea sumu ya mishale katika maeneo ya bara ya Kilifi na Malindi una kemikali iliyo ya ukoo mmoja na dawa ambayo madaktari huwaandikia wagonjwa wa moyo hadi leo.

Mti huo, ambao Wagiriama huuita mutsungu, ni wa jamii ambayo wanasayansi huiita Acokanthera. Waata, wawindaji mashuhuri wa ndovu kandokando ya mto Galana, walipaka utomvu wake mweusi, uliochemshwa hadi ukawa mzito kama lami, kwenye ncha za mishale yao. Mnyama aliyechomwa barabara hakufika mbali.

Kilichomwangusha mnyama huyo si jeraha, bali ni moyo wake kupoteza mpangilio wa mapigo. Hapo ndipo ilipo siri ya mti huo, na ndipo pia lilipo funzo kwa kila mgonjwa wa moyo anayefikiria kutumia mitishamba, iwe ya hapa Pwani au iliyotoka China.

Kemikali yenyewe huitwa uabaini. Mwanakemia Mfaransa, Arnaud, aliitenga mwaka 1888 kutoka kwenye mti wa jamii hiyo hiyo unaomea Afrika Mashariki. Katika karne ya 20, madaktari wa Ujerumani na Ufaransa waliitumia kwa sindano kuwatibu watu ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofika.

Hata kabla ya hapo, sumu nyingine ya mishale ya Afrika ilikuwa imekwisha kuwashangaza madaktari wa Ulaya. John Kirk, daktari aliyefuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi kati ya mwaka 1858 na 1863, aligundua kwamba mapigo ya moyo wake yalipungua kasi baada ya kutumia mswaki uliokuwa umegusana na sumu iliyotokana na mmea wa Strophanthus. Kirk ndiye baadaye aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza kisiwani Unguja wakati soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Mjini Edinburgh, Profesa Thomas Fraser aliichunguza sumu hiyo na kuipatia nafasi katika tiba ya moyo.

Ndugu wa tatu katika ukoo huo ni dijoksini, inayotokana na mmea wa Ulaya uitwao Digitalis. Daktari Mwingereza William Withering alieleza matumizi ya mmea huo mwaka 1785. Tofauti na uabaini, ambayo hupenya kwa shida kutoka tumboni hadi kwenye damu, dijoksini hufanya kazi ikimezwa. Kwa sababu hiyo ndiyo iliyobaki katika maduka ya dawa, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Jinsi zinavyofanya kazi

Kila seli ya moyo ina pampu ndogo ndogo zinazotoa chumvi ya sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, alizieleza pampu hizo mwaka 1957 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Uabaini ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyosaidia kuzitambua, kwani huzizuia zisifanye kazi.

Pampu zikizuiwa kidogo, sodiamu huongezeka ndani ya seli, nayo kalsiamu hufuata. Kalsiamu ndiyo inayoufanya msuli wa moyo ukaze, kwa hiyo pigo huwa na nguvu zaidi. Aidha, dawa hizi huichochea neva inayoutuliza moyo, na hivyo kupunguza idadi ya mapigo yanayopita kutoka vyumba vya juu vya moyo hadi vya chini.

Faida hiyo huonekana hasa kwa mgonjwa ambaye vyumba vya juu vya moyo wake hutetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wa mgonjwa huyo unaweza kuzidi kiwango hicho kwa mbali. Damu inayotuama katika vyumba hivyo huweza kuganda, na bonge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Katika Afrika Mashariki, hali hii huwapata hata vijana, kwa kuwa wengi wao huwa wameharibiwa vali za moyo na homa ya baridi yabisi waliyougua utotoni.

Lakini pampu zikizuiwa kupita kiasi, dawa hiyo hiyo huuvuruga moyo na kuweza kuusimamisha kabisa. Kidonge cha kawaida cha dijoksini kina robo tu ya miligramu, na pengo kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni dogo. Gome la mti halina kipimo kilichoandikwa: nguvu yake hubadilika kulingana na mti, udongo, msimu na namna lilivyochemshwa.

Dawa ya Wachina

Nchini China, ambako twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme mwaka 1415, waganga wamekuwa na njia yao ya kushughulikia moyo unaodunda ovyo. Dawa inayojulikana zaidi kwa sasa ni Wenxin Keli, jina lenye maana ya chembechembe za kutuliza moyo. Ina viambato vitano: mizizi na mashina ya chini ya ardhi ya mimea minne, pamoja na kaharabu.

Mwaka 2012, watafiti wa maabara moja katika jimbo la New York, Marekani, walichapisha matokeo ya kuijaribu dawa hiyo kwenye mioyo ya mbwa. Waligundua kwamba huziba milango ambamo sodiamu huingilia, na hufanya hivyo zaidi katika vyumba vya juu kuliko vya chini. Hilo lilitia matumaini, kwani dawa nyingi za mapigo huweza kuvuruga vyumba vya chini, na huko ndiko kwenye hatari ya kifo cha ghafla.

Hata hivyo, moyo wa mbwa maabarani si mgonjwa wodini. Majaribio mengi yaliyofanywa kwa binadamu nchini China yamekosolewa kuwa ni madogo na hayakusimamiwa kwa ukali unaotakiwa.

Si kila dawa ya Kichina ni ya kutuliza moyo. Ile iitwayo chan su, inayotokana na ngozi ya chura, ina kemikali zinazofanya kazi kama uabaini. Katika jiji la New York, kati ya mwaka 1993 na 1995, wanaume wanne walifariki dunia baada ya kumeza dawa ya kuongeza nguvu za kiume iliyokuwa na kemikali za aina hiyo. Dawa hiyo ilikusudiwa kupakwa mwilini, si kumezwa.

Njia iliyopita Kilifi

Namna mmea unavyogeuka dawa ya kuaminika inajulikana vyema mjini Kilifi. Mwaka 1971, Tu Youyou na wenzake nchini China walipata dawa ya malaria kutokana na mmea uitwao qinghao, uliotajwa katika kitabu cha tiba cha karne ya 4.

Sifa za kale hazikutosha. Dawa ya atesuneti, iliyotokana na mmea huo, ililinganishwa na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kilifi ikiwa miongoni mwa vituo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010: waliofariki kati ya waliopewa atesuneti walikuwa asilimia 8.5, na kwa kwinini asilimia 10.9. Tu alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili na kutaka isimamiwe. Lakini sheria peke yake haimwambii mgonjwa kilichomo ndani ya chupa.

Kwa mtu anayetumia dijoksini, mitishamba yenye kemikali za ukoo huo huongeza dozi bila yeye kujua. Kwa anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, mzizi wa Kichina uitwao danshen huweza kumsababishia kuvuja damu.

Ndiyo maana mgonjwa anashauriwa kumweleza daktari kila anachokinywa, pamoja na mitishamba, na kutoacha dawa ya hospitali kwa hiari yake. Kichefuchefu, kuona rangi ya manjano, kizunguzungu au mapigo kwenda polepole kupita kawaida ni dalili za kukimbilia hospitali mara moja, akiwa amebeba chupa au pakiti ya dawa aliyoitumia.