Ubao Ulioingia Maji

Katika mashua ndogo za tanga ziitwazo Wayfarer, alizozibuni Ian Proctor wa Uingereza mwaka 1957, na ambazo mojawapo, usukani ukiwa mikononi mwa Frank Dye, ilivuka bahari kutoka Scotland hadi Iceland mwaka 1963, hamna mkuku mzito wa kukizuia chombo kisisukumwe kiubavu na upepo. Kazi hiyo imeachiwa ubao mmoja mwembamba, upitao katika ala iliyojengwa katikati ya mashua, ukishushwa wakati wa kwenda joshi na kupandishwa ufuo ukikaribia. Majahazi yetu ya mwambao, kwa mikuku yao ya mbao nene, hayaujui udhia huu.

Mwenye kununua mashua kuukuu ya namna hiyo aghlabu huona ncha ya chini iliyochanika kwa kugonga mwamba, akafanya hima kuipaka gundi; walakini maradhi yenyewe yamo ndani, kwani maji yamekwisha kupenya baina ya matabaka ya plaiwudi, yakayaachanisha, na ubao ukavimba hata ukakwama. Basi sharti ubanduliwe rangi yote, ulazwe kivulini penye hewa, upimwe kwenye mizani mara kwa mara, wala usiguswe mpaka uzito wake ukome kupungua. Matengenezo mengi yasiyodumu, kwa maoni yangu, huharibika hapa, kabla hata kopo la gundi halijafunguliwa.

Palipooza hukatwa, na mti mpya huungwa kwa mshazari, mteremko wa milimita 160 kwa ubao wa unene wa milimita 20, ili epoksi ipate uwanja mpana wa kushika. Ama tundu la mhimili, ambalo chuma kimelitafuna hata likapoteza mviringo wake, fundi mjuzi hulipanua kusudi, akalijaza epoksi iliyokazwa kwa unga wake, na ikisha kuganda akatoboa tundu jipya katikati yake, hata maji yapitayo hapo yasiufikie mti kamwe.

Hapo tena ukingo wa mbele huviringwa, wa nyuma hukondeshwa, na ubao wote huvikwa kitambaa cha faiba, kisha rangi, kwani jua huila epoksi. Lakini apime kwanza upana wa ala: faiba na rangi huongeza unene pande zote mbili, na ubao uliopendeza kuliko ulipokuwa mpya, ukikataa kuingia, hauna dawa ila msasa.