Karate: mwanafunzi anapaswa kujua kata ngapi?

“Weye uko na kata ngapi?” Vijana wanaofanya karate huko Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo wanaulizana swali hili kila mara wakati wa kufunga mishipi. Mmoja anajibu tano, mwingine nane, wa tatu anasema kumi na tano, na wote wanamtazama kwa heshima. Mara chache sana mtu anamwomba asimame katikati aonyeshe moja tu, na aeleze kila pigo lina kazi gani.

Neno kata hapa ni la Kijapani, halina uhusiano na kukata. Ni mpangilio wa mapigo, kinga, hatua na mizunguko ambao mtu anafanya peke yake, kama vile anapigana na wapinzani wasioonekana. Kwa njia hiyo walimu wa zamani walihifadhi ufundi wao na kuwaachia wanafunzi.

Hesabu inatofautiana kwa kila mtindo

Hakuna idadi moja ya kata kwa karate yote. Mtindo wa Shotokan, ambao unajulikana sana duniani, una kata 26 katika orodha inayotumiwa na wengi. Goju-ryu kwa kawaida inahesabu 12. Wado-ryu inashikilia tisa. Shito-ryu, kwa upande wake, ina zaidi ya 50, kwa sababu mwanzilishi wake, Mabuni Kenwa, alikusanya mafundisho ya walimu wengi.

Basi mtu wa Wado-ryu mwenye kata tisa amemaliza orodha yake, na wa Shito-ryu mwenye tisa ndio kwanza ameanza. Je, huyu wa pili ni dhaifu kuliko yule? Hapana. Hesabu peke yake haipimi uwezo wa mtu.

Wazee wa Okinawa walifanyaje?

Karate ilikomaa katika kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani. Funakoshi Gichin, aliyezaliwa huko mwaka 1868 na ambaye alipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alisimulia jinsi alivyojifunza usiku katika ua wa mwalimu wake Azato. Alirudia kata moja tu kwa miezi na miezi, na hakuruhusiwa kupita kwenye nyingine mpaka mwalimu aridhike. Aliandika pia kwamba kata tatu za Tekki peke yake zilimchukua miaka kumi hivi.

Uechi Kanbun naye alisafiri mwaka 1897 kwenda Fuzhou, nchini China. Alikaa huko miaka mingi, na aliporudi alikuwa na kata tatu: Sanchin, Seisan na Sanseiryu. Juu ya hizo tatu ulijengwa mtindo mzima wa Uechi-ryu, ambao leo una kata nane, kwa sababu tano ziliongezwa baadaye na warithi wake.

Nini kilibadilika? Mwanzoni mwa karne ya 20, Itosu Anko aliingiza karate katika shule za Okinawa. Watoto darasani walikuwa wengi, na kata za zamani zilikuwa ndefu na ngumu kwao. Ndipo akatunga tano fupi, zinazoitwa Pinan. Funakoshi baadaye aliziita Heian. Hizo ndizo watoto wetu wa Shotokan wanaanza nazo hadi leo. Itosu alizipanga kama ngazi ili mwanafunzi apande kidogo kidogo.

Hesabu ya dakika

Tuchukue mfano rahisi. Mwanafunzi ana nusu saa ya kufanya kata katika kila zoezi, na anakuja mara tatu kwa wiki. Tuseme kata moja, pamoja na kuvuta pumzi, inachukua dakika moja. Akiwa na kata 26, kila moja ataifanya mara moja tu, na muda umekwisha. Akiwa na tatu, kila moja ataifanya mara kumi. Kwa mazoezi 150 katika mwaka, wa kwanza amerudia kila kata mara 150, na wa pili mara 1,500.

Tofauti hiyo inaonekana mwilini. Wa kwanza bado anakumbuka kwa kichwa: baada ya hapa nageuka wapi? Wa pili miguu yake inajua njia, na akili yake iko huru kutazama nguvu, pumzi na umbali. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Mshika ishirini na sita je?

Na wanaoshindana?

Kwa mashindano, jibu ni lingine kidogo. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, wachezaji walichagua kutoka orodha rasmi ya kata 102, na hawakuruhusiwa kurudia kata ileile katika duru nyingine. Anayetaka kufika mbali katika mashindano ya namna hiyo hawezi kwenda na moja tu.

Lakini tazama mabingwa wenyewe. Kiyuna Ryo, mzaliwa wa Okinawa, alipata dhahabu kwa kata ya Ohan Dai. Sandra Sánchez wa Hispania, akiwa na miaka 39, alishinda kwa Chatanyara Kushanku. Kwenye fainali, kila mmoja alileta kata aliyoikomaza kwa muda mrefu. Wajapani wana neno lake: tokui kata, yaani ile ambayo mtu ameichagua kuwa yake.

Kujua na kumiliki

Kuna kujua kata, na kuna kuimiliki. Kujua ni kukumbuka mfuatano bila kukosea. Kumiliki kuna vipimo ambavyo kila mwanafunzi anaweza kujipima mwenyewe.

Kwanza, ifanye ukiwa umefumba macho, katika fasi isiyo na hatari. Heian Shodan ina hatua 21, na inaishia pale ilipoanzia. Ukifumbua macho na kujikuta mbali na pale ulipoanza, hatua zako hazilingani. Pili, anza ukielekea ukuta mwingine. Wengi wanapotea mara moja, kwa sababu walikariri chumba, hawakukariri kata.

Tatu, eleza maana pamoja na mwenzako. Katika Heian Shodan, hatua ya nne ni mkono unaovutwa nyuma, kisha unazunguka na kushuka kama nyundo. Mwambie mwenzako akushike kifundo cha mkono kwa nguvu. Je, unaweza kujinasua kwa hatua hiyo na kumpiga? Kama huwezi, bado unacheza tu. Nne, mfundishe mtoto aliyeanza jana. Atakuuliza “kwa nini?”, na swali hilo litakuonyesha sehemu ambazo hujazielewa.

Kwa wazazi na walimu

Jambo hili linagusa pia mfuko. Fasi ambapo kila mtihani unalipiwa, na kila mtihani unadai kata mpya, mzazi anaweza kuamini kwamba kata nyingi ni maendeleo mengi. Mwalimu naye anaweza kuogopa: mtoto akichoka na Heian Shodan, si atahamia klabu ingine? Hivyo kata zinaongezwa haraka, rangi za mishipi zinabadilika, na mtoto anaondoka akiamini ana uwezo wa kujikinga ambao hana. Siku atakaposhikwa kweli njiani, rangi ya mshipi haitamsaidia.

Basi, ngapi? Kwa mwanafunzi wa Shotokan, njia ya kawaida hadi mshipi mweusi ni Heian tano, Tekki Shodan, na moja ya kata kubwa kama Bassai Dai, Kanku Dai, Jion ao Empi. Jumla ni saba, na ukichagua Bassai Dai, ni hatua 188. Hizo azijue zote bila kusitasita. Lakini kati ya hizo achague moja ao mbili, azirudie kila siku, hata nyumbani, hata bila mwalimu, mpaka apite vipimo vyote vinne. Zile zingine zitakuja kwa wakati wake, na zitakuja kwa urahisi, kwa sababu mwili uliojifunza kata moja kwa kina unatambua haraka kilicho ndani ya nyingine.

Na wewe mzazi, mtoto akirudi jioni na jasho lake, usimuulize ana kata ngapi. Sogeza viti, mwambie akuonyeshe moja, kisha muulize ile hatua ya nne ni ya nini.