Bibi, Weka Maziwa Chini

Simu iliita saa moja na nusu jioni, kutoka Kigongo. Watu walikuwa wanaongea wote kwa pamoja na nyuma yao mtoto anakohoa. "Daktari, mjukuu wangu dawa imemkataa. Nimpe maziwa ya ng'ombe au haya ya pakiti?"

Mtoto ana miaka miwili na nusu. Alikuwa na homa na kikohozi tangu jana yake, akapelekwa duka la dawa, akachomwa sindano. Hata dakika 10 hazijaisha, midomo imevimba, mwili umetoka mabaka kama amepitishwa kwenye upupu, sauti imekauka, na sasa analegea. Bibi alieleza dalili vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi wangu wa udaktari. Kilichomwangusha ni swali. Hakuuliza adrenalini ipo wapi. Aliuliza aina ya maziwa.

Swali hilo nimeulizwa na mwalimu wa Misungwi, na dereva wa basi la Sengerema, na baba mmoja aliyekuja wodini na chupa ya chai imejaa maziwa ya moto. Nimeulizwa pia na muuguzi, na huyo bado sijamsamehe. Kwa hiyo leo sitaeleza aleji ni nini kwa kirefu. Nitaeleza maziwa.

Wanaoyatetea wana hoja moja: dawa imegeuka sumu, na maziwa hukata sumu. Nusu ya kwanza tu imeshakosea. Sumu inakwenda kwa hesabu, kidogo hudhuru kidogo, kingi huua. Aleji haijui hesabu hiyo. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walimdunga mbwa aliyeitwa Neptune utomvu wenye sumu wa kiumbe wa baharini. Mara ya kwanza hakupata shida ya maana. Wiki kadhaa baadaye wakamrudishia dozi ndogo, na katika dakika 25 mbwa alikuwa amekufa. Kama ingekuwa sumu ya kawaida, dozi ile isingemfanya lolote. Kilichomuua ni mwili wake mwenyewe, uliokuwa umekikariri kile kitu na kukisubiri. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo, na sisi tuko 2020 na kitu tunachemsha maziwa.

Ndani ya mtoto wa Kigongo mambo yalikuwa hayohayo. Chembe za ulinzi zilimwaga histamini na wenzake kwenye damu. Mishipa ikatanuka na kuanza kuvuja maji yake, presha ikashuka, koo likavimba, njia za hewa kifuani zikabana. Sasa niambie maziwa yanaingilia wapi. Yanakwenda tumboni. Dawa ilipita takoni, iko kwenye damu, na hata dawa yenyewe si tatizo tena, kwa sababu moto umeshawaka na kiberiti hakina kazi. Kumpa maziwa ni sawa na kwenda kumsubiri mgeni kwenye gati la kivuko wakati yeye ameshapita juu ya daraja.

Mtu ataniambia: je, kama dawa ilikuwa ya kunywa? Hata hapo umechelewa. Midomo ikishavimba, maana yake dawa imeshaingia kwenye damu ya kutosha kuamsha vita. Iliyobaki tumboni si ya kufukuza kwa kikombe.

Imani hii haikuzuka hewani, nakubali. Ukimeza tetrasaiklini au siprofloksasini pamoja na maziwa, kalisi iliyo kwenye maziwa huishika dawa na kuizuia isiingie mwilini vizuri, ndiyo maana tunakataza kuvichanganya. Mafundi wa kupaka rangi na wachomeleaji nao hunywa maziwa jioni wakiamini yanasafisha kifua, ingawa kifua na tumbo ni vyumba viwili na ukuta katikati. Halafu kuna mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, ambaye hupewa maziwa mpaka atapike, na anapotapika mafuta yale huingia kwenye mapafu ambako hayakuwa. Watoto hao tunawapokea. Wengi wao mafuta yasingewafanya kitu kikubwa kama wangeachwa na tumbo lao.

Na kwa nini maziwa yanaendelea kusifiwa? Kwa sababu aleji nyingi ni ndogo na hupoa zenyewe. Mtoto anatoka vipele, anapewa maziwa, saa mbili baadaye vipele vimekwisha, na mtaa mzima una shahidi. Jogoo awike asiwike kutakucha, lakini aliyewika ndiye anayepewa sifa. Wale ambao maziwa hayakuwasaidia hawapo kutoa ushahidi.

Kuhusu madhara, nitayasema bila kupamba. Koo lililovimba halimezi vizuri. Maziwa yanapotea njia, yanaingia kwenye hewa. Ili mtoto anywe lazima umkalishe au umsimamishe, na mtu ambaye presha imeshuka ukimwinua ghafla damu inabaki miguuni na moyo unapiga patupu. Watu wamekufa kwa kuinuliwa tu. Tena maziwa ya ng'ombe yenyewe ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuwapa aleji watoto wachanga. Lakini dhambi yake kubwa ni muda. Kuyatafuta, kuyachemsha, kuyapoza, kumbembeleza mtoto: hizo ni dakika 15 hivi.

Dakika 15 hatuna. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2000 uliangalia watu waliokufa kwa aleji kali na kupima walichukua muda gani mpaka pumzi au moyo kusimama. Kwa chakula, muda wa kati ulikuwa dakika 30. Kwa kung'atwa na nyuki na wenzake, 15. Kwa dawa zilizotolewa na wahudumu wa afya, nyingi zikiwa za sindano, dakika 5.

Ndiyo maana watu wa ng'ambo ya Busisi wanaponiambia kwamba sasa tumepona kwa sababu ya daraja la Kigongo hadi Busisi, nafurahi nao kidogo tu. Nakumbuka kivuko. Nakumbuka wagonjwa waliokaa kwenye foleni ya magari wakiangalia maji, halafu zaidi ya nusu saa ya kuvuka. Tangu 19 Juni 2025 zile kilomita tatu za Daraja la J.P. Magufuli unazimaliza kwa dakika chache, na kwa mama anayevuja damu au mtoto mwenye malaria kali hilo ni jambo kubwa sana. Ila kwa aleji ya sindano, hata daraja limechelewa. Ukishavuka bado una Usagara, Buhongwa, Mkolani, foleni ya Mkuyuni, ndipo uione Hospitali ya Bugando juu ya kilima chake. Dawa inapaswa kuwa palepale sindano ilipochomwa.

Dawa hiyo ni adrenalini. Ni kichupa kidogo cha mililita 1 chenye miligramu 1, kimo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu, na si cha gharama ya kumtisha mtu. Inabana mishipa iliyotanuka, inafungua kifua, inapunguza uvimbe wa koo, inausukuma moyo, yote kwa mpigo mmoja. Huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Mtoto aliye chini ya miaka 6 hupewa mililita 0.15, yaani tone la kuchekesha, na kama hali haijageuka baada ya dakika 5 anarudiwa. Zile kalamu za kujichoma mnazoziona kwenye filamu za Kizungu huku kwetu hazipatikani kirahisi, kwa hiyo msipoteze usingizi kuzitafuta.

Hapa nina neno na wenzangu pia. Kuna wahudumu wanaoiogopa adrenalini kama dawa ya mtu anayekata roho, wanaanza na haidrokotisoni, wanatundika dripu, wanatoa Piriton, halafu mtoto akishakuwa wa bluu ndipo wanafungua kabati. Haidrokotisoni hufanya kazi baada ya saa kadhaa. Piriton hutuliza muwasho na vipele, na hata hivyo inataka nusu saa au zaidi. Koo haligusi, presha haiinui. Na nyie wazazi mnaoweka Piriton ya maji kwenye friji kama bima, bima hiyo inalipa vipele tu.

Sasa ya kufanya, haraka. Mtoto akivimba uso au ulimi, akikoroma au sauti ikikauka, akikohoa mfululizo, akitapika mara kwa mara na kulegea muda mfupi baada ya dawa, acha dawa hiyo na nenda kituo chochote chenye adrenalini, si hospitali unayoipenda. Mmoja atangulie kupiga simu wafungue kabati. Mlaze chali, miguu juu kidogo. Akitapika mgeuze ubavu. Akihangaika na pumzi mwache akae anavyotaka yeye, lakini usimsimamishe wala kumtupa begani. Bodaboda ni ya mwisho kabisa kwa sababu pale mtoto hukaa wima. Tafuta bajaji, alale mapajani. Usimtapishe. Usimpe kitu mdomoni. Beba pakiti au kichupa cha dawa. Akipona usikimbilie nyumbani, kwa sababu aleji huweza kurudi mara ya pili saa kadhaa baadaye bila dawa nyingine, alale wodini. Na kabla ya yote hayo: duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kuchoma sindano. Mtoto akichomwa popote, uliza kwanza, "Adrenalini mnayo?" Akikukasirikia, umepata jibu. Kisha kaeni hapo nusu saa.

Ipo aleji nyingine ambayo haina haraka hiyo na ndiyo maana hupuuzwa. Inakuja siku kadhaa hata wiki baada ya kuanza dawa: homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, malengelenge, ngozi inabanduka kama ya mtu aliyeungua maji ya moto. Dawa za salfa ndizo zenye sifa hiyo mbaya. Hapo adrenalini haisaidii. Acha dawa na uende hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, na dawa hiyo mtoto asiione tena maisha yake yote. Ugumu ni majina. Septrin ni salfa. Fansidar ni salfa. Metakelfin, ambayo babu zetu waliimeza kama karanga, ni salfa. SP wanayopewa wajawazito kliniki ni salfa. Upande wa penisilini ni hivyohivyo: amoksilini, Ampiclox, PPF, sindano ya kila mwezi ya wenye ugonjwa wa moyo, wote ni watoto wa baba mmoja. Kwa hiyo kuniambia mtoto "alikataa vidonge vyeupe" hakunisaidii chochote. Jina liandikwe kwenye kadi ya kliniki, pamoja na tarehe na kilichotokea, na mwambie mhudumu ajaze kadi ya njano ya kuripoti madhara ya dawa kwa mamlaka ya dawa, TMDA. Anaijua. Kama anasema haijui, mwambie nimesema anaijua.

Wala msigeuke upande wa pili mkaanza kuona aleji kila mahali. Kuharisha kwa sababu ya amoksilini si aleji. Vipele vya surua vilivyokutana na dawa njiani si aleji. Aleji kali ya penisilini huwapata watu kati ya 1 na 5 katika kila 10,000 wanaotumia, na ya chanjo ni takribani 1 kwa milioni, kwa hiyo anayemficha mtoto siku ya chanjo kwa kunitaja mimi ananisingizia.

Yule wa Kigongo nilimwambia bibi amlaze, aende zahanati sasa hivi, na muuza dawa aende naye akiwa na kichupa cha sindano ile mkononi. Zahanati kulikuwa na adrenalini. Muuguzi alichoma ya kwanza, nikiwa bado kwenye simu akachoma ya pili, na muda si mrefu nikasikia mtoto analia kwa sauti kamili, kilio kizuri sana, cha hasira. Usiku akalala wodini.

Asubuhi nikampigia bibi. Mtoto amekunywa uji. Jina la dawa limeandikwa kwenye kadi, ukurasa wa kwanza, wino mwekundu. Kisha akanyamaza kidogo.

"Sasa daktari, na yale maziwa nilikuwa nimeshayachemsha."

"Yatie kwenye chai, bibi."